Thamani ya pambo i ndani: Fahamu metali na alama za vito vya kila siku

BANGILI mbili zilizopangwa ndani ya kabati la kioo dukani zaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili: rangi ile ile, mng'aro ule ule na nakshi zile zile. Hata hivyo, moja yaweza kuwa dhahabu inayotosha kumlipia mtoto karo ya muhula mzima, ilhali nyingine ni shaba iliyochovywa dhahabu nyembamba kuliko unywele. Macho pekee hayawezi kuzitenganisha, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezea pesa zao.

Hasara yenyewe si ya mfuko tu. Baadhi ya metali zinazofichwa chini ya rangi ya kupendeza huwasha ngozi, na nyingine ni sumu kwa watoto. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kibeti chake: pambo hili limetengenezwa kwa metali gani ndani? Limefunikwa kwa nini juu? Na utando huo una unene gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo huamua bei ya haki, muda ambao pambo litadumu na usalama wa atakayelivaa.

Dhahabu na hesabu ya karati

Dhahabu safi haishiki kutu wala haibadiliki rangi hata ikizikwa ardhini kwa maelfu ya miaka. Dosari yake ni kwamba ni laini mno. Pete ya dhahabu tupu hupinda na kukwaruzika upesi, na kwa hivyo masonara huichanganya na fedha, shaba au zinki ili iwe ngumu.

Kiasi cha dhahabu katika mchanganyiko huo hupimwa kwa karati. Dhahabu safi ni karati 24. Pambo la karati 22 lina sehemu 22 za dhahabu katika kila sehemu 24, na la karati 18 lina sehemu 18, yaani robo tatu. Baadhi ya nchi hutumia sehemu za elfu badala ya karati. Karati 22 huandikwa 916, karati 18 huandikwa 750, karati 14 ni 585 na karati 9 ni 375.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa mnunuzi. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu gramu 7.5, ilhali mkufu wa uzito uo huo wa karati 9 una gramu 3.75 pekee. Yote miwili ni dhahabu halali, lakini mmoja una dhahabu maradufu ya mwingine. Anayeambiwa tu kwamba "hii ni dhahabu" hajaambiwa lolote la kumsaidia kupima bei.

Wahindi na Waarabu wa Ghuba huipenda zaidi dhahabu ya karati 22, na ndiyo maana mapambo yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka India na Dubai aghalabu huwa na alama ya 916. Nchini Uingereza, karati 9 imezoeleka sana katika mapambo ya kawaida.

Rangi pia hutokana na mchanganyiko. Shaba ikizidi, dhahabu huelekea wekundu. Dhahabu nyeupe hupatikana kwa kuichanganya na paladiamu au nikeli, kisha aghalabu hupakwa rodiamu, metali ghali iliyo ndugu ya platinamu, ili ing'ae kama kioo. Utando huo wa rodiamu unapochakaa, pete huanza kuonyesha umanjano kwa mbali. Hilo halimaanishi kwamba pete ni bandia. Inahitaji tu kupakwa upya.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba bei ya pambo la dhahabu ina sehemu mbili: thamani ya metali na gharama ya ufundi. Siku ya kuliuza, sonara kwa kawaida hulipa dhahabu iliyomo tu. Anayenunua bangili kama akiba ya siku ya dhiki anafaa kuuliza mapema ni shilingi ngapi kati ya anazotoa ni za ufundi, maana hizo hazitarudi.

Fedha halisi na fedha ya jina

Fedha nayo ni laini ikiwa safi. Kiwango kinachotambuliwa kote duniani ni 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zinazosalia kwa kawaida huwa shaba.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, masonara wa karne ya 19 walipata malighafi yao kwa kuyeyusha sarafu, hasa riale ya Maria Theresa kutoka Austria, iliyokuwa na uzito wa takriban gramu 28 na fedha ya asilimia 83. Kufikia leo, mafundi wa Lamu wanajulikana kwa pete za fedha zilizopachikwa vipande vya vyombo vya kaure.

Fedha hubadilika kuwa nyeusi inapokutana na salfa iliyomo hewani, katika jasho au katika vyakula kama mayai. Weusi huo si kutu inayoila fedha yote bali ni tando jembamba la juu. Pambo la fedha lisilo na vito laweza kusafishwa kwa kuliweka juu ya karatasi ya alumini ndani ya bakuli, kunyunyizia magadi ya kuokea na kumimina maji ya moto. Alumini huivuta salfa na kuiacha fedha ikiwa safi. Vito vyenye lulu au vilivyounganishwa kwa gundi havifai kutiwa humo.

Mnunuzi ajihadhari na jina la "fedha ya Kijerumani". Metali hiyo, ambayo pia huitwa alpaka, haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopewa jina kwa sababu ya weupe wake.

Shaba na chuma cha pua

Shaba nyekundu ndiyo mama wa mapambo mengi ya bei nafuu. Ikichanganywa na zinki huwa shaba ya manjano, ambayo rangi yake hukaribia sana ya dhahabu. Jijini Nairobi, mafundi wa mtaa wa Kibera huyeyusha kufuli na mifereji mikuukuu ya shaba na kuigeuza kuwa bangili, pete na shanga zinazouzwa hadi ng'ambo. Hiyo ni kazi halali na ya kusifiwa, mradi bidhaa inauzwa kwa jina lake halisi.

Anayevaa shaba huenda akaona alama ya kijani mkononi. Hali hii hutokea jasho na chumvi ya mwilini zinapokutana na shaba. Haina madhara na huondoka kwa maji na sabuni. Hata hivyo, baadhi ya shaba iliyotengenezewa mifereji na vifaa vya mabomba huchanganywa na risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Kwa hivyo haifai kutengenezewa pambo la mtoto mchanga ambaye hutia kila kitu kinywani.

Chuma cha pua kisichoshika kutu kimeenea mno katika miaka ya karibuni. Kile cha daraja la 316L kina nikeli ndani yake, lakini kromiamu iliyomo hufanya tando gumu juu linaloizuia nikeli kutoka kwa wingi. Titani ni bora zaidi kwa wenye ngozi nyepesi kuathirika, na ndiyo metali inayotumiwa na madaktari wanapounganisha mifupa iliyovunjika.

Vito vya kuchovya

Kuchovya kwa umeme si jambo geni. Mwitaliano Luigi Brugnatelli alifaulu kupaka dhahabu kwa njia hiyo mnamo 1805, na mwaka wa 1840 binamu wawili wa familia ya Elkington kutoka Birmingham, Uingereza, walipata hataza iliyoigeuza kuwa biashara kubwa.

Pambo la shaba husafishwa, huunganishwa na upande hasi wa umeme na kutumbukizwa katika maji yenye chumvi za dhahabu. Umeme unapopita, chembe za dhahabu hutoka majini na kujishikiza juu ya shaba. Kadiri pambo linavyokaa humo, ndivyo utando unavyoongezeka. Kwa kuwa maji hayo aghalabu huwa na sayanidi, ambayo ni sumu kali, kazi hiyo haifai kujaribiwa nyumbani.

Unene wa utando hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Mapambo mengi ya bei ya chini hayafikii hata mikroni 1, na yale yaliyopitishwa tu majini kwa sekunde chache huwa chini ya mikroni 0.2.

Mfano ufuatao unaonyesha maana ya takwimu hizo. Bangili yenye eneo la sentimita 40 za mraba ikichovywa dhahabu ya unene wa nusu mikroni, dhahabu yote iliyotumika haizidi gramu 0.04. Hata kama dhahabu hiyo ni ya karati 24, hakuna sonara atakayeinunua. Bei ya bangili kama hiyo inapaswa kuwa ya shaba na ufundi, wala si ya dhahabu.

Si kila utando ni dhaifu. Nchini Marekani, pambo la fedha ya 925 lililofunikwa dhahabu huruhusiwa kuitwa "vermeil" ikiwa tu utando wake ni mikroni 2.5 au zaidi. Kuna pia mapambo ambayo bamba la dhahabu hubanwa juu ya shaba kwa joto na nguvu, hadi dhahabu ikawa angalau sehemu moja ya 20 ya uzito wote. Haya hudumu kwa miaka mingi ya kuvaliwa.

Utando mwembamba huisha kwa njia mbili. Kwanza, husuguliwa na nguo, meza na ngozi, na ndiyo sababu pete huchujuka upesi kuliko herini. Pili, chembe za shaba hupenya polepole kutoka ndani na kuibadilisha rangi ya dhahabu hata pambo likiwa limehifadhiwa sandukuni. Ili kuzuia hali hiyo, viwanda vingi hutanguliza utando wa nikeli kati ya shaba na dhahabu. Suluhisho hilo huzaa tatizo jingine.

Madhara kwa ngozi na watoto

Nikeli ni mojawapo ya visababishi vikuu vya mzio wa ngozi duniani. Dhahabu ya juu inapochakaa, jasho huifikia nikeli na kuiyeyusha kidogo kidogo. Kwa baadhi ya watu, ngozi hiyo huvimba, huwasha na kutoa maji, hasa kwenye ndewe za masikio, shingoni na kwenye kifundo cha mkono. Mzio huo ukishaingia mwilini kwa kawaida haumtoki mtu maishani, na baadaye waweza kuchochewa hata na bizimu ya mshipi au kifungo cha suruali.

Wanawake huathirika kuliko wanaume, na sababu kuu ni kutoga masikio. Tundu bichi huipa nikeli njia ya moja kwa moja ya kuingia mwilini. Ndiyo maana ni hatari kumvisha msichana aliyetogwa juzi herini za bei rahisi zisizojulikana asili yake. Titani au dhahabu ya karati za juu isiyo na nikeli ndiyo inayofaa hadi tundu lipone.

Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya nikeli mwaka wa 1994. Viwango vinavyotumika humo ni kwamba pambo linalogusa ngozi kwa muda mrefu lisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na linalopenya tundu lisizidi mikrogramu 0.2.

Hatari kubwa zaidi ni risasi na kadimiamu. Metali hizi ni za bei ya chini na huyeyuka kwa joto dogo, hivyo huwavutia watengenezaji wa vidani vya mapambo ya watoto. Mnamo Februari 2006, mtoto wa miaka minne katika jimbo la Minnesota, Marekani, alifariki baada ya kumeza kidani chenye umbo la moyo kilichotolewa kama zawadi pamoja na viatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kidani hicho kilikuwa risasi kwa asilimia 99. Kilikuwa kimefunikwa kwa utando unaong'aa, na hapakuwa na mzazi ambaye angeweza kukitambua kwa macho.

Tangu wakati huo sheria zimekazwa. Marekani hairuhusu bidhaa za watoto kuwa na risasi zaidi ya sehemu 100 katika kila milioni. Umoja wa Ulaya ulipunguza kadimiamu katika mapambo hadi asilimia 0.01 mwaka wa 2011, na risasi hadi asilimia 0.05 mwaka wa 2012. Kwa mzazi, kanuni ni rahisi: pambo lolote dogo, zito kuliko ukubwa wake na lisilojulikana metali yake lisiwe mkononi mwa mtoto ambaye bado hulamba vitu.

Kusoma alama

Alama hugongwa ndani ya pete, kwenye kifungio cha mkufu au kwenye mchomo wa herini. Nambari 916, 750, 585 na 375 ni za dhahabu, na 925 ni ya fedha. Tatizo huanzia kwenye herufi zinazofuata. Pambo lililoandikwa "18K GP" si dhahabu ya karati 18 bali ni metali nyingine iliyopakwa dhahabu ya kiwango hicho. Herufi GEP na HGE pia humaanisha kuchovya kwa umeme, RGP na GF ni bamba la dhahabu lililobanwa juu ya metali nyingine. Wafanyabiashara wasio waaminifu humwonyesha mteja "18K" na kuziba herufi zilizosalia kwa kidole.

Alama pia zaweza kughushiwa. Kwa sababu hiyo, baadhi ya nchi hazimwachii mwuzaji kujipimia. Nchini Uingereza, dhahabu ya zaidi ya gramu 1 haiwezi kuuzwa kwa jina hilo bila kupimwa na kupigwa muhuri na afisi huru, na kuna afisi nne za aina hiyo: London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. India ilifanya muhuri kuwa wa lazima katika wilaya nyingi kuanzia Juni 2021, na tangu Aprili 2023 kila pambo linalohusika hupaswa kuwa na nambari yake ya kipekee yenye tarakimu na herufi 6. Anayenunua dhahabu iliyotoka huko ana haki ya kuitafuta nambari hiyo.

Vipimo vya kujaribu

Sumaku ndicho kipimo rahisi zaidi. Ikilivuta pambo, basi ndani mna chuma au nikeli. Lakini isipolivuta, hilo si thibitisho la dhahabu, kwani shaba, risasi na fedha pia hazivutwi.

Kipimo cha maji hufichua mengi zaidi. Kinachohitajika ni mizani ndogo ya gramu yenye kuonyesha sehemu za mia, kikombe cha maji na uzi. Pambo hupimwa kwanza likiwa kavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa sifuri, na pambo huning'inizwa kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa kikombe. Nambari itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Bangili ya gramu 20 ya karati 22 itaonyesha takriban gramu 1.1, ya karati 18 takriban 1.3, ya fedha 1.9 na ya shaba ya manjano takriban 2.4. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye vito au lenye uwazi ndani.

Masonara wenye ujuzi hulisugua pambo kwenye jiwe jeusi na kudondosha asidi juu ya alama iliyobaki. Kuna pia mashine za miali zinazosoma metali bila kukwaruza chochote. Hata hivyo, mashine hizo husoma tabaka la juu, na utando mnene waweza kuzidanganya. Palipo na shaka, vipimo viwili ni bora kuliko kimoja.

Utunzaji na haki ya mnunuzi

Vito vya kuchovya huvaliwa mwisho na kuvuliwa kwanza. Marashi, mafuta ya mwili, jasho, maji ya bahari na dawa ya kung'arisha nguo huvichakaza haraka, na klorini hudhuru hata fedha na dhahabu zilizochanganywa. Vipanguswe kwa kitambaa laini na kuhifadhiwa kila kimoja kivyake.

Kuvaa pambo la kuchovya si aibu. Lina mahali pake, hasa kwa anayependa kubadilisha mitindo bila gharama kubwa. Aibu ni ya anayeliuza kwa bei ya dhahabu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa.

Haki hiyo hutetewa kwa karatasi. Risiti iliyoandikwa "mkufu mmoja" haimsaidii mtu. Risiti inayofaa hutaja aina ya metali, karati, uzito kwa gramu, gharama ya ufundi na, iwapo pambo ni la kuchovya, metali iliyo ndani na unene wa utando. Mwuzaji anayekataa kuyaandika hayo amekwisha kumpa mnunuzi jibu.